Krayoni na rangi ya maji, au muhuri wa raba: uanze na ipi kutengeneza kadi?

Kadi ya kwanza ilitoka vizuri hadi ikanitia kiburi. Maua matatu ya krayoni nyeupe juu ya karatasi nyeupe, rangi ya maji ya buluu ikapita juu yake, na maua yakaibuka kana kwamba yalikuwa yamelala humo ndani siku zote. Nilikuwa nimeahidi kadi 30 za shukrani. Nilipofika ya tisa, kidole cha shahada kilikuwa kinauma, maua yamesinyaa, na yale yaliyoanza na petali tano sasa yana nne bila mimi kuamua lolote. Ya kumi sikuichora. Nilichukua raba ya kufutia, nikachonga ua moja, nikalipaka wino, na zile 21 zilizobaki zikaisha jioni hiyohiyo.

Ndiyo maana mtu akiniuliza kati ya njia hizi mbili aanze na ipi, simjibu kabla hajaniambia anataka kadi ngapi. Mengine, kuanzia karatasi na rangi hadi aina ya makosa utakayofanya, yanafuata hapo. Jasho la krayoni unalitoa kadi kwa kadi. Jasho la muhuri unalitoa karibu lote mwanzoni, kabla hujagusa kadi hata moja.

Nta na maji havipatani

Krayoni ni nta ya parafini iliyochanganywa na rangi ya unga. Nta hukataa maji. Ukipitisha brashi yenye rangi ya maji juu ya mstari wa krayoni, rangi hujikunja kuwa matone na kuteleza hadi pale karatasi ilipo wazi, ambako nyuzi zake huinywa. Mstari unabaki na rangi yake, pembeni panabadilika. Ni akili ileile ya batiki: nta kwanza, rangi baadaye. Tofauti ni kwamba kwenye batiki nta huja kuondolewa, na kwenye kadi inabaki palepale ikawa sehemu ya picha.

Wapo wanaoiona njia hii kuwa mchezo wa chekechea. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, watu wa London walipokuwa wakilala kwenye stesheni za treni za chini ya ardhi kukimbia mabomu, mchongaji Mwingereza Henry Moore aliwachora kwa krayoni za nta, rangi ya maji na wino. Michoro hiyo ya mwaka 1940 na 1941 ni miongoni mwa kazi zake zinazojulikana zaidi. Miili iliyolala inatokea gizani kwa sababu nta ilizuia rangi nyeusi isiifunike. Kwa hiyo krayoni ina heshima yake.

Muhuri hauna fumbo. Sehemu iliyoinuka hushika wino, sehemu uliyochimba haishiki. Unachokata kitakuwa cheupe, unachoacha kitakuwa cha rangi. Linasikika jepesi hadi ushike kisu, ndipo utakapojikuta umekata ua lenyewe na kuacha uwanja wake.

Karatasi: hapa ndipo zinapoachana

Kama tayari unayo karatasi nyumbani, huenda imekuamulia. Karatasi ya kawaida ya kuchapishia, ile ya gramu 80 kwa kila mita ya mraba, haifai kabisa kwa krayoni na maji. Itajikunja kama jani kavu, na ukizidisha brashi itaanza kutoa vinyweleo. Njia hii inataka karatasi ya gramu 200 kwenda juu. Ile maalumu ya rangi ya maji, ya gramu 300, ndiyo raha yenyewe. Karatasi inayong'aa usiiguse. Haivuti maji, kwa hiyo rangi itateleza kila mahali, penye nta na pasipo na nta, na hutapata tofauti yoyote.

Muhuri unataka kinyume chake: karatasi laini, iliyotulia, isiyo na vijinundu. Manila nyepesi inatosha. Ukigonga muhuri wenye mistari myembamba juu ya karatasi nene ya rangi ya maji yenye uso wa mawimbi, wino utagusa vilima tu na mabonde yatabaki meupe, na kazi yako ya saa nzima itaonekana kama imekwaruzwa. Mistari minene na maumbo makubwa yanavumilika.

Ukali huohuo wa karatasi, kwa krayoni, ni neema. Nta inashika vilima, rangi inaingia mabondeni, na mstari unapata ule mkatiko kama wa povu la wimbi. Huwezi kuuchora kwa makusudi.

Vifaa vyenyewe

Kwenye krayoni zipo zinazotangazwa kuwa hutoka kirahisi kwa maji zikichafua nguo au ukuta. Ni nzuri kwa ukuta wako, mbaya kwa kazi hii, maana kitu kilichotengenezwa kikubaliane na maji hakiwezi tena kuyazuia vizuri. Chukua zile za kawaida. Kama unazo pasteli za mafuta, yaani vijiti vya rangi iliyochanganywa na mafuta na nta, bora zaidi: ni laini, zinajaza karatasi bila kukandamiza sana, na kinga yake ni nzito. Na kipande cha mshumaa mweupe kinafanya kazi ya krayoni nyeupe bila malalamiko.

Rangi ndiyo inayowaangusha wengi. Ikiwa nzito inaifunika nta na kukaa juu yake, ndipo mtu anapolalamika kwamba mbinu haifanyi kazi. Rangi za maji za vidonge au wino uliozimuliwa ni salama. Rangi ya bango inafaa ukiiongeza maji hadi ianze kupitisha mwanga. Akriliki iache. Ikikauka inakuwa utando wa plastiki, na utando huo hauna habari na nta iliyo chini yake. Jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni: chora mstari mmoja, pitisha brashi mara moja tu, subiri sekunde chache. Ukiona matone yanasimama juu ya mstari, endelea. Ukiona rangi imelala bapa, ongeza maji au kandamiza krayoni zaidi.

Kwa muhuri, raba nyeupe ya kufutia ndiyo mwalimu mzuri kuliko mbao au kipande cha lino, ile linoleamu ya kutandika sakafuni ambayo wachongaji huitumia. Inakatika kama jibini na haikwaruzi. Kisu kiwe chembamba na kikali, kwa sababu kikiwa butu utatumia nguvu, na nguvu ndiyo inayotuma ncha kidoleni. Kata ukielekeza kisu mbali na mkono ulioshika raba. Milimita 2 au 3 za kina zinatosha. Jambo moja ambalo niliharibu raba tatu kulijua: ukikata kando ya umbo, laza kisu kidogo ili ukingo uwe na mteremko kama kitako cha mlima, mpana chini na mwembamba juu. Ukikata wima, au mbaya zaidi ukachimba kwa ndani, mstari unabaki umesimama kama ukuta usio na msingi. Utayumba ukiugonga, na siku moja utang'oka.

Pedi ya wino ni raha, lakini si lazima. Sponji iliyokolezwa rangi ya bango kidogo inafanya kazi, mradi tu uiguse raba kwa kuidonoadonoa, usiipake kwa kusugua. Rangi ikizidi inajaa kwenye mikato na ua linatoka kama doa.

Makosa, na yanajitokeza lini

Hapa ndipo ningemtaka mtu afikirie kabla ya kuchagua, kuliko hata suala la uzuri.

Makosa ya krayoni nyeupe hujificha. Unachora usichokiona, na unakuja kukiona ukiwa umeshachelewa. Nilimtengenezea rafiki kadi ya kuhitimu, nikaandika kwa krayoni nyeupe herufi kubwa, nikapitisha zambarau nzuri kabisa, na likaibuka neno HONGEA. Herufi R niliiruka. Nta ikishapakwa rangi juu hakuna kurudi nyuma: krayoni ukiiweka sasa itakaa juu ya zambarau kama chaki, haitafanana na nyingine. Niliichomeka R juu kwa alama ya kusahihisha, kama mwalimu anavyofanya daftarini. Aliipenda, lakini ile haikuwa kadi niliyokuwa nimeikusudia.

Dawa yake ni mbili. Kwanza, inamisha karatasi kuelekea mwanga kila baada ya maneno mawili, kwa kuwa nta inang'aa na utaisoma kwa kutazama upande. Pili, andika maneno kwa kalamu nzito kwenye karatasi nyingine, iweke chini ya kadi, bandika zote kwenye kioo cha dirisha mchana, kisha fuatisha. Kwenye karatasi ya gramu 300 mwanga unapita kwa shida, ila kwa ya 200 inawezekana. Usiandike kwanza kwa penseli juu ya kadi yenyewe. Penseli ikishafunikwa na nta haifutiki tena, na mstari wa kijivu utabaki umefungiwa humo.

Makosa ya muhuri yanaonekana mapema, na hiyo ni nusu ya starehe yake. Ukichonga vibaya, utajua kwenye karatasi ya majaribio, kabla kadi yoyote haijaguswa. Kosa la wote ni herufi. Nilichonga ASANTE kama inavyosomeka, nikagonga, ikatoka ETNASA. A na T hazikudhurika, maana ukizigeuza zinabaki vilevile, ila S, N na E zilinicheka zikiwa zimegeuka. Njia ya kuepuka haihitaji kipaji: andika neno kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, ilaze kifudifudi juu ya raba, sugua mgongoni kwa ukucha. Penseli inahamia kwenye raba ikiwa tayari imegeuzwa, na wewe unakata tu unachokiona.

Lakini muhuri nao una kosa lisilosameheka, lile la kadi ya 17. Umezoea, umeharakisha, mkono umeteleza, na ua lina kivuli pembeni. Haifutiki. Wengi hutikisa muhuri huku na huku wakidhani wanausaidia kushika vizuri, kumbe ndivyo wanavyoleta kivuli hicho. Shusha wima, kandamiza, inua wima. Kama muhuri ni mgumu, wa mbao au kizibo, weka magazeti mawili matatu chini ya kadi ili karatasi iufuate uso wake. Raba yenyewe ni laini, kwa hiyo kadi ikae juu ya meza tupu.

Muda na nafasi

Kwa kadi moja, krayoni inashinda bila ubishi. Dakika tano za kuchora, dakika mbili za kupaka, halafu kusubiri ikauke, ambako kunategemea hewa na wingi wa maji uliyotumia. Muhuri kwa kadi moja ni kama kujenga tanuru ili uoke mkate mmoja.

Kwa kadi 30, angalia meza yako. Kadi zilizolowa haziwezi kupangwa juu ya nyingine. Zinataka kulala bapa, kila moja na nafasi yake, na zikishakauka zinataka kulazwa chini ya vitabu usiku kucha ili zinyooke. Niliishia kuanika kadi kwenye kitanda. Alama za muhuri kwenye karatasi inayovuta wino hukauka upesi. Wino mzito unaokaa juu ya karatasi ndio unaohitaji subira kidogo.

Ipo hila inayoiokoa krayoni kwenye hesabu kubwa, nami natamani ningeijua siku ile ya kadi 30. Usichore kadi, chora karatasi nzima. Chukua karatasi nene ya A4, ijaze mistari ya mawimbi, madoa, majani, chochote kinachojirudia, kisha paka rangi karatasi yote kwa mkupuo mmoja. Ikikauka, kata vipande vya milimita 95 kwa 138. Karatasi moja inatoa vinne. Karatasi nyingine ya manila ya A4 ukiigawa katikati na kukunja kila nusu, unapata kadi mbili za ukubwa wa A6, yaani milimita 105 kwa 148, ambazo zinaingia vizuri kwenye bahasha ya C6. Bandika kipande chako juu ya kadi na utabakiwa na pambizo la milimita 5 kila upande. Faida nyingine ni kwamba kadi yenyewe haikulowa kamwe, kwa hiyo inasimama wima mezani.

Unachopoteza ni picha yenye kitovu. Hutapata ndege mmoja katikati ya kila kadi. Utapata kama vipande vya kitambaa kimoja, kila kimoja tofauti kidogo na mwenzake. Kwangu mimi, kwa kadi za shukrani, hilo ni zuri kuliko ua lile nililochonga.

Na kabla ya kukunja manila, pitisha kalamu ya wino iliyokwisha kando ya rula pale mkunjo utakapokuwa. Bila mfereji huo mkunjo unapasuka nyuzi na kadi inaonekana ya haraka, hata kama picha yake ilichukua siku nzima.

Ujumbe gani, na nani anatengeneza

Kadi ya pole siigongi muhuri. Inaweza kuwa ni mimi tu, ila alama iliyokatwa safi, inayojua ilishawahi kugongwa mahali pengine, haikai vizuri pembeni ya maneno ya msiba. Rangi ya maji iliyosambaa yenyewe, na mstari mweupe unaotokea taratibu, una upole wake. Kwa siku ya kuzaliwa, mwaliko au shukrani kwa kundi la watu, muhuri una uchangamfu unaofaa, na herufi zake zinasomeka kwa mbali.

Kwa watoto, watu wengi husema krayoni moja kwa moja. Mimi sikubaliani nao kwa watoto wadogo sana. Krayoni inazuia maji pale tu ilipokandamizwa, na mtoto wa miaka minne mkono wake bado mwepesi: anachora, anapaka, mchoro unamezwa na rangi, anakata tamaa. Mpe pasteli ya mafuta, au mpe muhuri usiohitaji kisu. Kifutio cha nyuma ya penseli kinagonga nukta kamili. Ukingo wa kadibodi unagonga mstari. Uzi uliozungushwa kwenye kipande cha mbao unagonga mistari inayopishana kama mkeka. Jani lenye mishipa iliyotokeza, likipakwa rangi upande wa nyuma na kukandamizwa, linatoa alama ambayo wewe mtu mzima ungeichonga wiki nzima. Visu na nyembe vikae mbali hadi mtoto awe na mkono unaoaminika, na hata hapo uwe naye.

Kama kadi itasafiri mbali kwa posta, kumbuka nta huacha alama kwenye karatasi inayoigusa, hasa penye joto. Funika mchoro kwa karatasi nyembamba kabla ya kuitia kwenye bahasha. Alama ya muhuri iliyokauka vizuri haina wasiwasi huo.

Basi nichukue ipi?

Kadi moja hadi kumi, au kadi ambayo jina la mtu ndilo pambo lenyewe: krayoni. Zaidi ya hapo, na picha ni ileile: muhuri, bila kujadili. Kadi nyingi lakini hutaki zifanane: karatasi nzima ya krayoni, ukate. Una karatasi nyepesi tu nyumbani: muhuri. Hujiamini kuchora: muhuri wa jani, au weka jani hilohilo chini ya karatasi, sugua juu yake kwa ubavu wa krayoni nyeupe, paka rangi. Hiyo ya mwisho inataka karatasi isiwe nene sana, la sivyo mishipa haitapenya.

Na ukitaka zote mbili kwenye kadi moja, mpangilio ndio kila kitu. Wino mwingi wa pedi una maji, hivyo ukianza na muhuri halafu ukapitisha brashi, utaona ASANTE yako ikitiririka kuelekea ukingoni. Anza na krayoni. Paka rangi. Acha ikauke kabisa, yaani ukiweka mgongo wa mkono usihisi ubaridi. Ilaze chini ya vitabu. Ndipo ugonge muhuri kwa wino mweusi, ukichagua pasipo na nta, kwa kuwa juu ya nta wino nao utakataa kushika na herufi itatoka na tundu. Mimi huacha nafasi ya neno tangu mwanzo: nakata kipande cha karatasi kinacholingana na muhuri, nakiweka juu ya kadi, na kuchora krayoni kukizunguka.